Mfa Maji Hukamata Maji

Ndugu msikilizaji, wiki hii nimepata swali kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Kibaha. Anauliza hivi: inakuwaje mtu mwenye akili timamu, mkulima anayejua majira ya mvua na dalili za ukame, akaamini kwamba akinyunyiziwa maji risasi ya Mjerumani haitampata? Anaendelea kusema kwamba mwanawe amerudi kutoka shuleni na kumwambia kuwa Vita vya Maji Maji vilishindwa kwa sababu wazee wetu walikuwa wajinga. Mzee huyo hakuridhika na maneno hayo, lakini hakuwa na mengine ya kumpa mwanawe.

Swali hilo ni zuri, tena ni gumu kuliko linavyoonekana. Nitalijibu kwa kuanzia huko huko nyumbani kwake, Uzaramo. Watu wengi wakisikia Maji Maji, fikra zao hukimbilia Umatumbi, Mahenge na Songea. Wanasahau kwamba moto ule ulifika mpaka karibu na mlango wa Dar es Salaam, katika nchi ya Wazaramo, ambayo leo ndani yake zimo wilaya za Kisarawe na Kibaha. Aidha, habari za Uzaramo zina faida moja kubwa kwetu. Zinatuonyesha hatua kwa hatua jinsi akili ya mwanadamu inavyofanya kazi pale inapobanwa.

Hebu tujikumbushe hali ilivyokuwa. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, ambayo mara nyingi ilikuwa rupia 3. Mwaka 1902 Gavana Graf von Götzen akaleta mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba, na wilaya ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuupata. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba la pamba, na watu wake walitakiwa kulilima, kwa kawaida siku 28 kwa mwaka. Mapato yalikuwa yagawanywe mafungu matatu: la wafanyakazi, la jumbe, na la chombo cha serikali kilichosimamia mauzo. Kwenye karatasi mpango huo ulionekana wa haki kabisa. Lakini pamba hulimwa, hupaliliwa na huchumwa wakati ule ule ambao mkulima anahitajika katika shamba lake la chakula. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo mno hata baadhi ya watu wakakataa kuyapokea. Nyuma ya jumbe alikuwapo akida, na nyuma ya akida alikuwapo askari mwenye kiboko.

Kama hiyo haikutosha, mwanzoni mwa mwaka 1905 ilianza kazi ya kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ikipita katika nchi hiyo hiyo, kwenye njia ya Soga na Ruvu ambako leo treni ya umeme hupita kwa dakika chache. Mtu wa Uzaramo akitazama mashariki aliona mji wa Wajerumani unakua. Akitazama shambani kwake aliona pamba ya watu wengine. Alipogeuka upande wa pili aliona reli inakuja. Kukimbia ilikuwa vigumu. Kupigana kwa gobori, mkuki na mshale dhidi ya bunduki za kisasa na mizinga ya kumimina risasi ilikuwa ni kujiua. Kukaa kimya ilikuwa ni njaa ya polepole.

Hapo ndipo methali yetu moja inapofaa. Waswahili wamesema, mfa maji hukamata maji. Wengi wetu huitumia methali hii kumcheka mtu anayehangaika. Lakini tukiitazama vizuri, haimwiti mtu huyo mjinga, wala haisemi kwamba hajui maji hayashikiki. Inasema kwamba anakufa, na maji ndiyo yaliyo karibu na mkono wake.

Sasa Wazaramo walikuwa na nini karibu na mkono wao? Walikuwa na Kolelo. Tangu zamani za mababu, watu wa Uzaramo walipeleka wajumbe katika milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, pepo aliyesemwa kuwa katika umbo la nyoka mkubwa. Walikwenda kuomba mvua na rutuba ya ardhi, na walirudi na maagizo. Kwa hiyo Kolelo hakuzuka mwaka 1905. Alikuwa mamlaka yenye heshima, iliyokuwa imeulizwa mara nyingi, na kwa macho ya watu, iliyokuwa imejibu mara nyingi. Mvua iliponyesha baada ya safari ya Uluguru, watu waliona. Isiponyesha, sababu ilitafutwa na ikapatikana.

Mmisionari mmoja Mjerumani, Martin Klamroth, aliyefanya kazi Uzaramo na baadaye kuandika juu ya imani za Wazaramo, alirekodi maneno yaliyosambaa wakati huo kwa jina la Kolelo. Tuyapokee kwa tahadhari, maana ni maneno yaliyopita katika masikio ya mgeni, tena mgeni wa upande wa pili. Lakini mpangilio wake unafundisha sana. Kwanza ilisemwa kwamba Kolelo amekataza watu kulipa kodi kwa wageni, na kwamba katikati ya mwezi wa Julai yatakuja mafuriko makubwa yatakayowaangamiza weupe wote na wafuasi wao. Baadaye ikasemwa kwamba ardhi itapasuka na kuwameza. Ikasemwa tena kwamba bunduki za askari hazitatoa risasi bali maji, na kwamba watakuja simba saba kuwamaliza maadui. Watu wasiogope, kwa sababu Kolelo atawahurumia watoto wake weusi.

Msikilizaji, zingatia mpangilio huo. Ahadi ya kwanza ilikuwa na tarehe. Julai ilikuja na mafuriko hayakuonekana. Kwa hesabu ya kawaida, tungetazamia watu waseme, basi, jambo hili ni uongo, turudi nyumbani. Badala yake ahadi nyingine zilifuata, na kila ahadi mpya ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, wamelitazama sana jambo la namna hii. Karibu na Chicago, Marekani, mwaka 1954, kulikuwa na kikundi kidogo cha watu kilichoamini kwamba tarehe 21 Desemba mwaka huo gharika itaiangamiza nchi, na kwamba wao wataokolewa na viumbe kutoka sayari nyingine. Hawakuwa wakulima wasiosoma. Miongoni mwao alikuwamo daktari. Tarehe ikafika, gharika haikuja. Kiongozi wao akatoa ujumbe kwamba dunia imeokolewa kwa ajili ya imani ya kikundi kile. Leon Festinger na wenzake wawili waliandika kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1956. Kitabu chao kimekosolewa, kwani watafiti wenyewe walijipenyeza ndani ya kikundi na kuwapo kwao kuliathiri mambo. Hata hivyo wazo lililotokana na kazi za Festinger limebaki na nguvu. Mtu akishatoa gharama kubwa kwa ajili ya jambo, akaacha kazi, akagombana na jirani, akavunja daraja nyuma yake, basi ukweli unaopingana na jambo hilo humuumiza kama mwiba. Naye huutoa mwiba huo kwa njia iliyo rahisi zaidi. Mara nyingi njia iliyo rahisi ni kuupinda ukweli, imani ikabaki palepale.

Mtu wa Uzaramo aliyekwisha kukataa kodi mwezi wa Juni angefanya nini mwezi wa Agosti? Kiboko cha akida kilikuwa kinamngoja. Kwake yeye kuacha kuamini lilikuwa jambo la hatari kuliko kuendelea.

Wakati huo huo, kusini ya Mto Rufiji, palikuwa na mganga jina lake Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe. Watu walisafiri kwenda kwake kwa makundi kuchukua maji. Huko Umatumbi habari ile ilienezwa kwa minong'ono, mtu kwa mtu, na wenyeji waliiita njwiywila. Jambo hili nalo tulitafakari. Habari haikuja kwa tangazo wala kwa barua ya mgeni. Ililetwa na shemeji, mjomba, au mtu uliyetahiriwa naye pamoja. Nawe ulipoipokea, uliipeleka kwa mwingine unayempenda, kwa siri. Siri ina nguvu ya ajabu katika akili ya mtu. Anayekuambia siri amekuheshimu, na ni vigumu kumdai ushahidi mtu aliyekuheshimu. Ndiyo maana wakubwa walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Isitoshe, maji yale yalifanya kazi nyingine ambayo haikutegemea risasi hata kidogo. Yaliwaunganisha watu. Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mzaramo hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Kila mmoja alijua peke yake hawezi. Tatizo lake kubwa lilikuwa hili: nikiinuka mimi, je, jirani yangu atainuka? Aliyekunywa maji yale alikuwa ametoa ahadi mbele ya wenzake, nao wametoa ahadi mbele yake. Kwa maana hiyo maji yalikuwa kiapo. Katika Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Kufa kwa mwenye maji hakukuyazuia maji. Yalizidi kusafiri, na kabla mwaka huo haujaisha Uzaramo nao ulikuwa vitani.

Huko Kisangire, katika Kisarawe ya leo, alikuwapo kiongozi wa Wazaramo aitwaye Kibasila. Alijiunga na vita, na Wajerumani wakamnyonga. Jina lake leo limeandikwa kwenye lango la shule ya sekondari jijini Dar es Salaam, na maelfu ya vijana wamelivaa kifuani bila kuulizana ni la nani. Kibasila hakuwa mtu wa kubabaishwa. Alikuwa mtu mzima mwenye dhamana ya watu, aliyeijua serikali ya Wajerumani kwa karibu. Mtu kama huyo haingii vitani kwa sababu ya kikombe cha maji peke yake. Huingia kwa sababu amechoka, kwa sababu wenzake wameingia, na kwa sababu amepewa neno la kumpa ujasiri. Maji yalikuwa neno hilo.

Matokeo yake tunayajua. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, na bunduki za mtombo zikawafyeka. Risasi hazikugeuka maji. Je, imani ilikufa siku ile? Kwa wengine ilikufa. Lakini kwa wengine maelezo yalipatikana: walioanguka walikuwa wamevunja miiko. Wamelala na wanawake, au wamepora mali, au wamegeuka nyuma. Maji ni mazima, mwenye kosa ni mtumiaji. Baada ya hapo jeshi la Wajerumani liliamua kutumia silaha kubwa kuliko bunduki, nayo ni njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, watu wakazuiwa kulima. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi kufikia 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi.

Hapa pengine yule kijana wa Kibaha atasema, si nilisema, walikuwa wajinga. Basi na tumtazame Mjerumani, ambaye alikuwa na shule, telegrafu na takwimu.

Gavana Götzen alipoulizwa kwa nini watu wameasi, jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Lilikuwa shambani. Pamba ndiyo iliyong'olewa kwanza. Lakini jibu hilo lilikuwa na mwiba ndani yake, kwa sababu mpango wa pamba ulikuwa mpango wake mwenyewe. Basi serikali yake ikaegemea maelezo mengine: kwamba waganga na wachawi wamewapumbaza watu, na kwamba hii ni njama ya wakale wasiopenda maendeleo. Mwaka 1909 Götzen alichapisha kitabu kizima juu ya uasi huo, akijitetea. Kwa lugha nyepesi, gavana naye alikunywa maji yake. Kibasila aliamini neno lililompa ujasiri wa kusimama. Götzen aliamini neno lililompa usingizi wa usiku. Tofauti yao ilikuwa bunduki, wala haikuwa akili.

Na kama mtu atadhani jambo hilo lilihusu makoloni peke yake, basi twende Ulaya, miaka kumi na moja baadaye. Tarehe 1 Julai 1916, kwenye Mto Somme nchini Ufaransa, majenerali wa Uingereza waliwaambia askari wao kwamba mizinga imeyapiga mahandaki ya Wajerumani kwa wiki nzima na kwamba seng'enge zimekatika. Baadhi ya askari waliambiwa watembee, wasikimbie. Walipotoka, seng'enge zilikuwapo na bunduki za mtombo zilikuwapo. Siku ile moja Waingereza 19,240 walikufa. Maji ya majenerali yalikuwa hesabu za mizinga na ramani. Hata hivyo mashambulizi yaliendelea hadi Novemba, na kila mara ilisemwa kwamba mara hii adui amekaribia kuvunjika.

Sasa tuulize swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Bila shaka huko Kisangire, Maneromango na kwingineko walikuwapo watu waliokuwa na wasiwasi. Hakuna kijiji cha watu wote wenye mawazo mamoja. Kwa nini hawakusikika?

Mmarekani mmoja, Solomon Asch, alifanya jaribio maarufu katika miaka ya 1950. Aliwaonyesha watu mistari, akawauliza ni upi unaolingana na mwingine kwa urefu. Mtoto wa darasa la kwanza angejibu sawasawa. Lakini katika kila kikundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akipimwa kweli. Wengine wote walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa sauti moja. Ilikuwaje? Robo tatu hivi ya waliopimwa waliufuata uongo wa wengi angalau mara moja, na kwa jumla, pale wengi walipodanganya, kama theluthi moja ya majibu ilikwenda na wengi. Hawa hawakuwa na akida nyuma yao wala njaa mbele yao. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, wameketi kitini, wanatazama mistari. Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Kumbe huchukua hata macho yako!

Lakini Asch aligundua jambo jingine, na hili ndilo ninaloomba tulishike leo. Akimweka mtu mmoja tu katika kikundi kile mwenye kusema jibu la kweli, yule mpimwaji alipata nguvu, na kuufuata uongo kulipungua sana. Alihitaji mwenzi mmoja tu wa kusema, mimi naona tofauti, naye akathubutu kusema alichokiona.

Katika hali ya vita, sauti hiyo moja ni ghali. Mwaka 1905 aliyeyatilia shaka maji alionekana kuwa upande wa akida, na pengine kwa haki, maana akida alikuwa na watu wake. Serikali iliyotawala kwa kiboko iliua mashauriano. Mahali ambapo huwezi kulalamika hadharani juu ya pamba, huwezi pia kujadili hadharani juu ya maji. Mambo yote mawili huhamia kwenye mnong'ono, na mnong'ono hauna mwenyekiti wala swali la nyongeza.

Ndugu msikilizaji, tusijifariji kwamba mambo hayo yamepita. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Kibaha, na mabasi ya kwenda Arusha hupita pale Maili Moja. Mwaka 2011 njia hiyo iliwabeba watu wengi waliokuwa wakielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Walikuwamo maskini na matajiri, waliosoma na wasiosoma, na viongozi wa umma pia. Wapo wagonjwa waliofia njiani. Mchungaji huyo alifariki Julai 2021, na maradhi aliyosemwa kuyaponya bado tunayo. Je, wale waliokwenda walikuwa wajinga? La hasha. Mama aliyembeba mwanawe mgonjwa hadi Samunge alikuwa ameshazunguka hospitali, ameshauza mbuzi, ameshakopa. Alikuwa anazama. Na aliyemwambia habari za kikombe alikuwa dada yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 2009, serikali iliisimamisha DECI, mpango ambao watu walipanda fedha kama mbegu na kuahidiwa kuvuna maradufu. Wa kwanza walivuna kweli, tena wakaonyesha. Fedha walizovuna zilikuwa za waliokuja nyuma yao. Lakini nani angemsikiliza mtu wa hesabu wakati jirani amekwisha kuezeka bati? Na serikali ilipoingilia, baadhi ya waliopanda walielekeza hasira yao kwa serikali, kwamba imewazuia kuvuna. Mfano mwingine uko karibu zaidi. Nenda leo ukatafute kiwanja Kibaha au Kisarawe. Utakutana na dalali atakayekuambia kwamba yupo mteja mwingine anakuja saa nane na fedha mkononi, kwamba wenzako wa ofisi fulani wameshanunua upande ule wote, na kwamba hati inashughulikiwa. Moyo unakwenda mbio. Kesho yake unakuta kiwanja hicho hicho kimeuzwa kwa watu watatu, na wote watatu ni wasomi wenye mishahara.

Katika mifano hii yote mambo ni yale yale yaliyokuwapo Uzaramo mwaka 1905. Kwanza, kuna shida ya kweli: kodi, ugonjwa, umaskini, kukosa makazi. Pili, kuna ahadi inayoigusa shida ile ile. Tatu, habari inaletwa na mtu unayemwamini, mara nyingi kwa siri au kwa haraka. Nne, kuna wenzako waliokwisha kuingia. Na tano, ukishatoa gharama, akili yako yenyewe inakuwa wakili wa jambo lile na kulitetea.

Hata hivyo iko tofauti moja ya heshima ambayo sitaki tuisahau. Wazee wa 1905 hawakuwa wakitafuta utajiri wa haraka. Walikuwa wakitafuta uhuru wao, na kwa ajili ya huo walilipa kwa maisha yao. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa, New York, Desemba 1956, aliitaja Maji Maji mbele ya ulimwengu. Maana ya maneno yake ilikuwa kwamba watu wale waliitikia wito uliomo mioyoni mwa binadamu wote, waliosoma na wasiosoma, wa kukataa kutawaliwa na wageni. Wito huo haukuwa uongo. Maji ndiyo yalikuwa uongo, na wito ulikuwa kweli. Nusu karne baadaye wito ule ule ulishinda bila maji, kwa mikutano ya hadhara, kadi za chama na kura. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba watu waliweza kukusanyika, kuuliza na kubishana.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Kibaha, mwambie mwanao hivi. Wazee wetu waliyaamini maji kwa akili ile ile ambayo sisi tunaitumia leo kuamini tunayoyapenda kwenye simu zetu. Ujinga haukuwa sababu, na kwa hiyo elimu ya darasani peke yake haitoshi kuwa kinga. Kinga iko katika desturi ndogo tunazoweza kuzijenga nyumbani, kazini na katika vikao vya mtaa. Habari ikikujia kwa haraka, wewe ipokee taratibu. Ikikujia kwa siri, itoe mwangani uione. Ukijikuta unaitetea kwa ukali, jiulize umeshailipia kiasi gani. Na ahadi yenye tarehe ikipita bila kutimia, usikubali kupewa tarehe nyingine kabla hujaelezwa ile ya kwanza imekwenda wapi.

Juu ya yote, katika ukoo, katika saccos, katika kanisa na msikiti, katika kikao cha chama, tumlinde yule mmoja anayesema, jamani, mimi naona tofauti. Mara nyingi anakera. Mara nyingine anakosea. Lakini majaribio ya wataalamu yanatuambia kwamba huyo mmoja huwafungua midomo wengine waliokuwa wameona kama yeye na wakanyamaza. Tukimzomea huyo, tutabaki na sauti moja tu, na siku risasi itakapolia ndipo tutakapojua kama sauti hiyo ilikuwa na ukweli.

Kwa heri hadi wiki ijayo.